Uendeshaji wa Zahanati na Sababu za Dawa Kuisha Mapema



Katika mikutano ya vyama vyetu vya msingi, kuanzia Mbuba hadi upande wa Biharamulo, kuna swali ambalo huja baada ya ajenda kwisha, watu wakiwa wamesimama nje ya ghala wakisubiri mvua ipite. Wanachama huuliza: zahanati yetu imekosaje dawa, ilhali gari la Bohari ya Dawa tuliliona likishusha maboksi juzi tu? Mara nyingi jibu huwa limekwisha kutolewa na wenyewe kabla mgeni hajafungua kinywa, nalo ni kwamba dawa zimeibwa.

Yawezekana zimeibwa. Wizi wa dawa za umma upo, nao ni uovu mkubwa. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kukagua vitabu hujifunza kutosadiki jibu la haraka. Ukilinganisha leja ya dawa na rafu ya dawa, mara nyingi huoni alama ya mwizi. Huona dawa iliyoagizwa pungufu kwa sababu matumizi yaliandikwa pungufu, ikaisha mapema, na kwa kuwa iliisha mapema ikaandikwa pungufu tena. Upungufu wa namna hii hujizaa wenyewe kama magugu, na hauwezi kutibiwa kwa kumhamisha mganga.

Nimeona vema kueleza jambo hili katika taarifa ya Umoja kwa sababu mbili. Kwanza, makatibu na wajumbe wengi wa bodi za vyama huchaguliwa na vijiji vyao kuingia katika Kamati ya Usimamizi ya zahanati. Huchaguliwa kwa kuwa wanajua kusoma hesabu, kisha wakifika huko hunyamaza wakidhani mambo ya tiba ni ya matabibu peke yao. Pili, kazi ya kuendesha zahanati, ukiondoa ile ya kumpima na kumtibu mgonjwa, haiachani sana na kazi ya kuendesha ghala la chama. Kuna kupokea, kutunza, kutoa, kuandika na kuagiza. Katibu aliyezoea leja ya kahawa hatapotea humo.

SIKU YA ZAHANATI

Zahanati si hospitali. Mkuu wake huitwa mganga mfawidhi, naye kwa kawaida ni tabibu, ingawa kijijini wote humwita daktari. Pamoja naye huwapo muuguzi au mkunga, na mhudumu wa afya. Serikali imeweka idadi ya watumishi wanaotakiwa, lakini vijijini mara nyingi wanaoonekana ni wawili au watatu, na mmoja wao akienda semina au likizo ya uzazi, wanaobaki hubeba mzigo wote. Jambo hili lisisahauliwe tunapolalamika kwamba kitabu hakikuandikwa. Mkono uleule unaozalisha usiku ndio unaotakiwa kujumlisha rejesta asubuhi.

Siku huanza kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Sakafu husafishwa kwa maji yenye dawa ya klorini, maji ya kunawa hujazwa, vyombo vya kuzalishia hutakaswa, na boksi la sindano zilizotumika huangaliwa. Likifika robo tatu hufungwa na kupelekwa kuchomwa, maana likijazwa hadi juu humchoma anayelibeba. Kisha husomwa joto la friji ya chanjo. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, na joto husomwa na kuandikwa mara mbili kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Friji haijui sikukuu. Baadhi ya chanjo huharibiwa na joto, nyingine huharibiwa zaidi na kuganda barafu, na zote mbili zikiharibika haziandiki habari hiyo usoni mwake: chupa huonekana nzima, mtoto huchomwa, mama huenda nyumbani akiamini mwanawe amekingwa. Katika friji hiyohiyo, au katika nyingine iliyotengwa, hutakiwa kukaa pia oksitosini, sindano ya kuzuia damu isimmalize mama baada ya kujifungua. Karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni mwa friji ndiyo shahidi pekee. Ukiikuta imejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, tarakimu ileile kwa mwezi mzima, ujue imejazwa siku moja.

Wagonjwa wakianza kuingia, kila mmoja huandikwa katika rejesta ya wagonjwa wa nje, ambayo katika mfumo wa taarifa uitwao MTUHA ni Kitabu namba 5. Huandikwa jina, umri, anakotoka, kipimo alichofanyiwa, ugonjwa na dawa aliyopewa. Wajawazito wana kitabu chao, wanaojifungua wana chao, watoto wanaopimwa uzito na kuchanjwa wana chao. Mwisho wa mwezi vitabu vyote hujumlishwa na taarifa kupelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Wapo wanaoona vitabu hivi kuwa ni karatasi tupu za kuwafurahisha wakubwa. Sisi wa mkoa wa Kagera tumekwisha kupata funzo la kinyume. Mwezi Machi 2023 homa ya Marburg ilizuka wilayani Bukoba. Waliougua walikuwa 9, wakiwamo wahudumu wa afya, na waliofariki 6. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ikatangaza kwamba ugonjwa huo umeingia wilayani Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili kwa uthibitisho wa maabara na wanane kwa dalili na uhusiano wao na wagonjwa. Wote 10 walifariki. Katika maradhi ya aina hiyo, kazi ya kwanza ni kujua nani alimgusa nani, na alitoka kitongoji gani. Tabibu aliyeandika jina la kijiji tu bila kitongoji huwapotezea wafuatiliaji siku nzima ya kuuliza njia. Tena homa ya Marburg mwanzoni hufanana na malaria, kwa hiyo mhudumu asiye na glovu wala maji ya kunawa yumo hatarini kabla hajajua kilichomkalia mbele yake. Glovu na klorini ni mali ya stoo kama zilivyo dawa, nazo huagizwa kwa hesabu ileile nitakayoieleza sasa.

KUTOKA MAKASHA HADI ODA

Wazee wetu hukumbuka zamani za makasha. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, zahanati za nchi hii zilipelekewa dawa muhimu zikiwa zimefungwa tayari katika kasha. Kila zahanati ilipata kasha la aina moja na mwenzake. Utaratibu huo uliokoa watu wengi wakati nchi ilipokuwa na uhaba wa kila kitu, nao haukumtaka mganga kupiga hesabu yoyote; kasha lilikuja, akalifungua, akatumia. Ubaya wake ni kwamba kijiji chenye malaria nyingi na kijiji cha mlimani penye baridi vilipata vidonge sawasawa. Huku viliisha katika wiki mbili, kule viliozea rafuni.

Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, makasha yaliachwa hatua kwa hatua, na zahanati zikaanza kuagiza kile zinachohitaji zenyewe. Oda ya zahanati hupita kwa mfamasia wa wilaya, ikaenda Bohari, na magari ya Bohari hufikisha dawa hadi mlangoni mwa zahanati. Bohari ikiwa haina dawa fulani, zahanati huweza kununua kwa fedha zake kutoka kwa muuzaji aliyeteuliwa kwa mkoa, aitwaye Mshitiri, chini ya utaratibu wa Jazia ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa mikoa yote mwaka 2018.

Mabadiliko haya ni makubwa kuliko yalivyoeleweka vijijini. Zamani dawa ilifuata kasha. Siku hizi dawa hufuata hesabu. Zahanati iliyoandika vizuri hupata karibu na haja yake, na zahanati iliyoandika vibaya hujinyima yenyewe, wala hakuna mtu wa wilayani atakayejua, kwa kuwa yeye husoma tarakimu alizopelekewa.

HESABU INAYOPOTEZA DAWA

Tuchukue mfano. Tuseme mzunguko wa oda ni siku 60. Zahanati ilianza mzunguko ikiwa na dozi 200 za dawa ya mseto ya malaria kwa watu wazima, ikapokea 100, jumla 300. Siku ya 40 dawa ikaisha. Kwa siku 20 zilizobaki wagonjwa waliambiwa wakanunue dukani.

Siku ya kuagiza ikifika, karani au mhudumu hufungua kadi na kuona kwamba zilizotumika ni dozi 300. Akiandika 300 kuwa ndiyo matumizi ya siku 60, amesema uongo bila kukusudia. Zile 300 zilitumika kwa siku 40. Kwa hiyo matumizi ya kweli ni 300 kugawanywa kwa 40, yaani dozi saba na nusu kwa siku, kuzidishwa kwa 60, ambayo ni dozi 450. Hizo ndizo mahitaji, na juu yake huongezwa akiba ya tahadhari, kisha huondolewa salio lililoko rafuni. Akiagiza 300, dawa itaisha tena siku ya 40. Na Bohari ikimpunguzia kidogo, ikamletea 240, zitaisha siku ya 32. Mwisho wa mzunguko ataona kadi ikisema matumizi ni 240, ataagiza 240, na kila mara zahanati itajiona inahitaji kidogo zaidi.

Ndiyo maana fomu ya kuagizia ina nafasi ya kuandika siku ambazo dawa haikuwapo. Nafasi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo muhimu kuliko zote katika karatasi ile, nayo ndiyo huachwa wazi au huandikwa sifuri mara nyingi zaidi. Wengine huandika sifuri kwa haraka. Wengine huandika sifuri kwa hofu: mganga huona haya kukiri mbele ya wakubwa kwamba zahanati yake ilikaa siku 20 bila dawa ya malaria, akidhani ataonekana mzembe. Matokeo ya haya hiyo hulipwa na mtoto wa mwanachama wetu.

Tena lipo jambo linaloongeza giza. Habari ikienea kwamba dawa hakuna, wagonjwa huacha kwenda. Rejesta nayo hupungua majina, na mtu wa mbali akiisoma hudhani ugonjwa umepungua kijijini. Ugonjwa haukupungua, umehamia dukani na nyumbani.

Kosa la pili ni la kugawanya pakiti. Dawa ya mseto hufungwa kwa uzito wa mgonjwa: vidonge 6 kwa mtoto mdogo, 12 na 18 kwa wanaofuata, 24 kwa mtu mzima. Pakiti za 24 zikiisha, mtoa dawa mwenye huruma huchukua pakiti nne za watoto na kumpa mtu mzima mmoja. Tiba ni sahihi, maana vidonge ni vilevile, na hatumlaumu. Lakini akiwatibu hivyo watu wazima 10, kadi itaonyesha kwamba pakiti 40 za watoto zimetoka na pakiti za watu wazima hazikutoka hata moja. Oda itakayofuata itakuja na za watoto nyingi na za watu wazima chache, na wakati huohuo watoto watakuwa wamekosa. Dawa yake ni kuandika pembeni mwa kadi: hizi 40 zimetolewa kwa watu wazima 10. Maneno machache ya kalamu huokoa mzunguko mzima.

Kosa la tatu makatibu watalitambua upesi. Dawa hutoka stoo kwenda chumba cha dirisha, na kadi ya stoo huonyesha kwamba zimetoka. Lakini kutoka stoo si kutumiwa. Boksi linaweza kukaa chini ya meza ya dirishani mwezi mzima. Kama vile magunia yaliyotoka ghalani kupakiwa kwenye lori hayajawa mauzo mpaka stakabadhi irudi, ndivyo na dawa iliyo dirishani ilivyo: bado ni mali mkononi. Siku ya kuhesabu, hesabuni vyumba vyote viwili, pamoja na kabati la chumba cha kuzalishia ambalo husahauliwa siku zote.

Na tofauti na ghala letu, ambamo kilichoingia kwanza hutoka kwanza, katika stoo ya dawa kinachotangulia kutoka ni kile kinachotangulia kuisha muda, hata kama kiliingia jana.

Majira nayo yana sehemu yake. Kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti huwa na malaria pungufu; mvua zikirudi mbu nao hurudi. Oda inayoandikwa kwa kutazama matumizi ya kiangazi hutumiwa wakati wa mvua. Mganga aliyekaa mahali kwa miaka miwili mitatu hulijua hilo, na hufungua kitabu cha mwaka jana cha miezi hiyohiyo kabla ya kuagiza. Mgeni hawezi kulijua asipoambiwa. Aidha sisi tu watu wa mpakani, na Ngara haikusahau Aprili 1994, wakati watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walipovuka Rusumo katika muda wa takriban saa 24 na kutua Benaco. Msiba wa ukubwa huo hauagizwi kwa fomu. Lakini hata katika miaka ya utulivu kuna minada, misimu ya vibarua, na jamaa wanaovuka kuja kutibiwa kwetu. Nao huandikwa rejestani kama wengine, maana dawa waliyotumia imetoka katika rafu ileile.

HUDUMA YA BURE NA FEDHA

Wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wagonjwa wa kifua kikuu na wengine waliotajwa katika sera, pamoja na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, hutakiwa kutibiwa bila malipo. Wengi hudhani kwamba asiyelipa hana haja ya kuandikwa sana. Kwa macho ya mkaguzi, yeye ndiye wa kuandikwa zaidi. Mgonjwa anayelipa huacha stakabadhi. Asiyelipa huacha jina lake katika rejesta tu, na lisipoandikwa, dawa aliyopewa haina mzazi. Penye matobo ya namna hiyo ndipo mwizi, kama yupo, hupitia.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya zahanati yenyewe badala ya kukaa halmashauri. Huongezwa na ada za wagonjwa na malipo ya bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001, na ulipoboreshwa mwaka 2018 mchango uliwekwa kuwa Sh. 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mwaka huohuo wa 2018 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima wa vyama vya msingi, kwa Sh. 76,800 kwa mtu mzima kwa mwaka, na baadhi ya vyama vilikubaliana kukata fedha hizo katika malipo ya mazao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na wanachama wataendelea kuelezwa taratibu zake na wanaohusika. Kwa hoja yetu ya leo yatosha kujua hili: bima huilipa zahanati kwa kadiri fomu za madai zilivyojazwa. Fomu isiyo na namba ya kadi, ugonjwa, au sahihi ya mgonjwa hukataliwa, na dawa iliyotolewa siku ile huwa imetolewa kwa hasara. Mwanachama anayeondoka dirishani bila kutia sahihi, kwa kuwa ana haraka ya kuwahi shambani, huipunguzia zahanati yake fedha za kununulia dawa kwa Mshitiri.

NAFASI YA KATIBU KATIKA KAMATI

Kamati ya Usimamizi ya zahanati ina wawakilishi wa wananchi wanaotumia huduma, pamoja na wajumbe wa serikali ya kijiji na ya kata, na mganga mfawidhi ndiye katibu wake. Hukutana kila robo mwaka. Hupitia mpango na bajeti ya zahanati, mapato na matumizi, na hali ya dawa. Si kazi yake kumwelekeza tabibu amtibu nani kwa dawa gani. Kamati nyingi hukutana ili kutia sahihi kile ambacho mganga amekwisha kuandika, kwa sababu fedha za zahanati haziwezi kutoka bila sahihi hizo. Huo si usimamizi.

Katibu wa chama akiwa mjumbe, na afanye kama afanyavyo mkaguzi anapoingia ghalani: asijaribu kuhesabu kila kitu. Achague dawa tatu. Mimi ningechagua mseto wa watu wazima, oksitosini, na dawa ya kuharisha ya watoto, yaani chumvichumvi ya kuongeza maji pamoja na zinki, maana hizo zikikosekana mtu hufa. Aitishe kadi ya kila moja. Salio la mwanzo, ongeza zilizopokelewa, ondoa zilizotoka. Jibu liwe sawa na zilizopo rafuni. Kama salio lilikuwa 120, zikapokelewa 100, zikatoka 140, rafuni ziwepo 80. Kisha amwombe mganga jumla ya wagonjwa wa mwezi huo waliopimwa na kukutwa na malaria na kutibiwa kwa dozi hiyo. Tuseme ni 96. Dozi zilizotoka ni 140. Tofauti ya 44 ina maelezo yake.

Hapo panahitaji utulivu. Tofauti si ushahidi wa wizi, ni swali. Huenda vipimo vya haraka viliisha na wagonjwa wakatibiwa kwa dalili. Huenda dozi 40 bado zimo chumba cha dirisha. Huenda wagonjwa wa usiku hawakuandikwa kwa sababu taa ilizimika. Huenda pia dawa ziko katika duka la mtu. Mganga apewe nafasi ya kueleza kwa vitabu, na maelezo yaandikwe katika muhtasari wa kikao ili robo ijayo yafuatwe. Katika zahanati moja, ambayo si lazima itajwe, wajumbe waliruka hatua hii wakaenda kumtangaza mganga mkutanoni. Kijiji kikakaa miezi mingi na mhudumu mmoja, na dawa ziliendelea kuisha vilevile.

Jambo jingine ni siri ya mgonjwa. Mjumbe wa Kamati hana ruhusa ya kufunua rejesta na kusoma majina na maradhi ya jirani zake. Aombe jumla, asiombe majina. Mwanakijiji akisikia kwamba ugonjwa wake umesomwa na katibu wa chama chake, hatarudi tena katika zahanati ile, na hatutamlaumu.

Mwisho ni siku ya kupokea dawa, ambayo ndiyo inayoonekana na watu wote na ndiyo inayozaa maneno mengi. Gari likifika, mjumbe mmoja au wawili wa Kamati waitwe wawepo, hata kama ni siku ya mnada. Maboksi yahesabiwe mbele ya dereva kabla ya kutia sahihi, kisha yafunguliwe na kila dawa ilinganishwe na hati: jina, kiasi, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Kilichopungua, kilichovunjika, au kilichobakiza muda mfupi mno kiandikwe siku ileile na taarifa ipelekwe kwa mfamasia wa wilaya, kwa kuwa boksi lililofunguliwa kesho yake bila shahidi halina wa kulijibia. Waliokuwepo waandike majina yao na vijiji vyao. Jioni hiyo orodha ya zilizopokelewa, na zilizoagizwa zisiletwe, ibandikwe ukutani nje ya dirisha, kwa Kiswahili, ili anayeuliza kuhusu yale maboksi aisome mwenyewe. Nakala ya hati ibaki katika faili la mapokezi, na kadi za stoo ziwe zimekwisha kuandikwa kabla dirisha halijafunguliwa asubuhi.